Mtwishe Hadi Achoke: Mwongozo wa Kazi za Nyumbani kwa Mwalimu Anayetaka Sifa

Mwalimu mwenzangu, karibu ukae. Rudisha mlango kidogo, maana haya si ya masikio ya mwalimu wa taaluma.

Una darasa la nne. Una watoto 45, idadi ambayo sera inaitaka na ambayo walimu wengi wa shule za serikali huisikia kwenye semina tu. Upimaji wa Kitaifa unakungoja mwishoni mwa mwaka. Wazazi wanakutazama, mkuu wa shule anapita dirishani. Unaweza kuamua kufundisha, lakini nakuonea huruma: kufundisha hakuonekani. Mtoto akielewa kugawanya, uelewa wake unabaki kichwani, na hakuna mkaguzi atakayefunua kichwa augongee muhuri. Kazi ya nyumbani, kinyume chake, inaonekana. Inajaza daftari, inatunisha begi, inafika sebuleni kwa mzazi, na usiku inaendelea kukutangaza wewe umeshalala.

Shika kanuni moja kabla hatujaanza. Kazi nyingi za nyumbani ni barua ambayo mtu mzima anamwandikia mtu mzima mwenzake, na mtoto ni tarishi. Mwalimu anamwambia mzazi, "Nachapa kazi." Mzazi anajibu kwa saini, "Nami namjali mwanangu." Tarishi hahitaji kujua kilichomo. Ukilikubali hilo, yaliyobaki ni mteremko.

Hatua ya 1: Toa nyingi, tena kengele ikishalia

Usiipange kazi ya nyumbani wakati wa kuandaa somo. Subiri kengele ya kutoka, watoto wakiwa wameshafunga mabegi, ndipo ugeuke ubaoni uandike: "Zoezi la 7, namba 1 mpaka 40." Usichague maswali. Kuchagua kunataka kufikiri, na mtu anayefikiri anaweza kugundua kwamba namba 3 na namba 29 ni swali lile lile lililobadilishwa nguo.

Mbona 40? Kwa sababu mzazi hawezi kupima kama maswali manne mazuri yangetosha, lakini kila mzazi anajua kwamba 40 ni nyingi.

Halafu usiwaulize wenzako wametoa nini. Huu ndio utamu wenyewe. Darasa lina masomo sita hivi. Kila mwalimu akitoa kazi ya "nusu saa tu", mtoto anabeba saa tatu nyumbani, na kila mmoja wenu ataapa kwamba ametoa kidogo. Wote mtakuwa wakweli.

Yupo profesa mmoja mstaafu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Harris Cooper, aliyetumia miaka mingi kuchambua tafiti za kazi za nyumbani. Anaunga mkono kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza dakika 10, la pili 20, la nne 40. Hizo ni dakika za masomo yote kwa pamoja. Karatasi yenye habari hii ukiiona ofisini, fungia maandazi.

Hatua ya 2: Usipige hesabu ya usiku

Wewe ni mwalimu wa hisabati, najua vidole vitakuwasha. Vizuie. Nitaipiga mimi mara moja, kisha tuisahau wote wawili.

Chukua mtoto anayekaa Goba na kusoma Mikocheni. Basi la shule linampitia saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo anaamka saa 11. Jioni basi linazunguka mitaa yote kabla ya kumshusha, na anaingia kwao saa 11. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kwa kiwango cha chini kabisa, saa 9, mtoto wetu anatakiwa awe usingizini saa 2 usiku. Amebakiwa na saa tatu za kuoga, kula, kwenda madrasa, kucheza, kugombana na mdogo wake na kusimulia mambo ya shule. Ninyi walimu sita mmeshazichukua zote tatu.

Kuna kitu lazima kikatwe. Usikitaje wewe. Mtoto mwenyewe atakata usingizi, na kesho akisinzia kwenye kipindi chako, mpe kazi ya ziada kwa kosa la kusinzia.

Hatua ya 3: Mfanye aliyekosea akosee kwa bidii

Hapa ndipo ufundi ulipo, kwa hiyo twende polepole.

Umefundisha kutoa kwa kuazima. Wapo walioelewa, na wapo waliotikisa kichwa ili nawe uendelee na somo. Mmoja wa hao anafika nyumbani na swali la kwanza: 52 kutoa 38. Anatazama mbili na nane. Nane haitoki kwenye mbili, na habari za kuazima hazikumwingia, kwa hiyo anageuza: nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili. Anaandika 26. Jibu ni 14, lakini pale mezani hakuna wa kumwambia.

Sasa ona kazi kubwa uliyoifanya. Ungempa maswali mawili, angekosea mara mbili, nawe ungemwahi asubuhi. Umempa 40. Amerudia kosa lake mara 40 kwa mwandiko mzuri na rula ya kupigia mistari. Amefanya mazoezi ya kukosea, na amefuzu. Kosa ambalo jioni lilikuwa wasiwasi tu, asubuhi limekuwa mazoea, na kuling'oa kutakula wiki nzima ambayo huna.

Na yule aliyeelewa? Naye hujamsahau. Swali la tano alikuwa ameshamaliza kujifunza. Yale 35 yaliyofuata yalimfundisha jambo moja: hisabati inachosha.

Hatua ya 4: Usisahihishe, weka vema

Mtego wa kazi nyingi ni kwamba zinarudi. Watoto 45 mara maswali 40 ni majibu 1,800. Ukitumia sekunde tano kwa kila jibu, unahitaji saa mbili na nusu, kwa somo moja la siku moja. Usithubutu. Kuna njia tatu za kistaarabu.

Ya kwanza ni vema ndefu. Anza juu ya ukurasa, teremka kwa mkono mmoja hadi chini, andika tarehe, weka saini. Mzazi akifunua daftari ataona wino mwekundu, na wino mwekundu ndio anaoulipia ada.

Ya pili ni kubadilishana madaftari. Waambie wasahihishane wenyewe kwa wenyewe huku ukisoma majibu. Marafiki watapeana vema, mahasimu watapeana mkasi, na wewe utapata nafasi ya kunywa chai.

Ya tatu ni ya wakongwe: kiranja anakusanya madaftari, yanakaa mezani kwako wiki moja, kisha yanagawiwa upya kazi nyingine ikitolewa. Watoto huwahi kulijua hili. Wakishalijua, mmoja ataandika, wanane watadesa kwake kwenye basi, na wote watakabidhi. Usiwakemee sana. Wanafanya kama wewe: wanapeleka kinachoonekana.

Kwa vyovyote vile, usimrudishie mtoto daftari kesho yake likiwa na swali moja lililozungushiwa duara na maneno, "Njoo tuangalie hapa." Mtoto akizoea kwamba kosa lake linasomwa na mtu, atayaogopa makosa kidogo, na hapo umepoteza kitisho kizuri.

Hatua ya 5: Mwajiri mzazi bila mshahara

Toa kazi ambayo mtoto wa miaka tisa hawezi kuifanya peke yake. Ramani ya Afrika yenye rangi na mito yote. Mfano wa mfumo wa kumeng'enya chakula kwa kutumia vifaa vya nyumbani. Andika kwenye dayari, saa 9 alasiri, kwamba inatakiwa kesho.

Kisha tulia, uone grupu la WhatsApp la wazazi litakavyofanya kazi yako. Saa 3 usiku: "Jamani, manila inapatikana wapi saa hizi?" Saa 4: "Swali la 17 mmepata ngapi?" Saa 4 na nusu, baba mmoja mhandisi anatuma picha ya ini alilolichonga kwa boksi la viatu. Wengine wanaona wivu, wanarudi kuchonga. Mtoto amelala kwenye kochi na sare zake.

Asubuhi utapokea kazi 45, na nyingi zitakuwa za watu wazima. Zitundike zote ukutani. Mpe ya kwanza yule mhandisi, yaani mwanawe. Usiulize kwa nini mwandiko wa ukurasa wa kwanza ni wa mtoto, wa pili wa dada wa kazi na wa tatu wa mwalimu wa tuisheni. Wala usishangae siku hizi majibu yakija na Kiingereza kilichonyooka kama cha wakili: swali linapigwa picha kwa simu, akili mnemba inajibu, mtoto ananakili. Simu imejifunza mengi muhula huu.

Wakenya wanayafahamu haya. Mtaala wao wa umilisi ulipoingia madarasani, wazazi walilalamika hadharani kwamba kazi za mikono za watoto zimegeuka zamu yao ya usiku. Lakini wewe usihofu. Anayelalamika sana kwenye kikao ndiye atakayechonga ini kubwa kuliko wote.

Hatua ya 6: Mhesabie uvivu mtoto asiye na meza

Darasani kwako yupo mtoto ambaye nyumbani kwao ni chumba kimoja, umeme wa Luku umeisha, na jioni anazunguka na sinia la karanga za mama yake. Wazazi hawajui Kiingereza cha kitabu chako, na simu ya nyumbani ni ya kitochi.

Huyu usimpe muda wa kufanyia kazi shuleni. Ungempa dakika 30 darasani kabla hajaondoka, angekaa sawa na mtoto wa mhandisi: dawati lile lile, mwanga ule ule, mwalimu yule yule. Mambo hayo yanavuruga mpangilio wa dunia. Mwache aende nayo nyumbani, arudi nayo nusu, kisha msimamishe mbele ya darasa.

Utagundua faida nyingine. Kazi za nyumbani zikiwa nyingi, pengo la watoto hawa wawili linapanuka lenyewe, na wewe utaliita "juhudi". Shirika la OECD lilipoangalia vijana wa miaka 15 kwenye upimaji wake wa PISA wa mwaka 2012, liliona kwamba wa familia zenye uwezo walikuwa wakitumia muda mrefu zaidi kwenye kazi za nyumbani kuliko wa familia duni. Unaona? Huhitaji hata kupendelea. Gawa mzigo sawa kwa wote, nyumba zitapendelea kwa niaba yako.

Hatua ya 7: Ifunge likizo kwenye pakeji

Likizo ni hatari. Mtoto anaweza kwenda kwa bibi yake Tanga, akajifunza kukuna nazi, kuhesabu chenji dukani na kusikiliza hadithi hadi mwisho. Zuia hilo mapema kwa pakeji ya likizo.

Nenda steshenari ya jirani, kisha durufu kurasa za mitihani ya miaka iliyopita ya shule yoyote. Usijali kama mada hazijafundishwa. Bana kwa pini, andika juu "LAZIMA", toza hela ya karatasi. Mtoto ataisahau mpaka siku tatu za mwisho, kisha familia nzima itaifanya kwa kilio.

Na hapa nikupe siri ya kitaalamu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyekuwa akijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha alichokiona: kinachorudiwa kidogo kidogo kwa siku zinazopishana hukaa kichwani kuliko kinachoshindiliwa kwa mkupuo mmoja. Wahenga wetu walikuwa wameshalimaliza kwa haba na haba. Usiwasikilize hao wala huyo. Shindilia kwa mkupuo. Muhula ukifunguliwa, pokea pakeji zote, zipange kabatini, usizifungue. Panya wa kabatini nao wana mtaala wao.

Hatua ya 8: Wajibu wasomi

Siku moja kwenye kikao, mzazi mmoja mwenye miwani atanyanyuka kuuliza kama kazi zote hizi zinasaidia. Usitetemeke. Mtajie Shanghai.

Waambie kwamba mwaka 2012 vijana wa Shanghai walisema wanatumia karibu saa 14 kwa wiki kwenye kazi za nyumbani, na waliongoza PISA kwa hisabati. Kaa chini hapo hapo, makofi yakiwa bado ya moto. Usiendelee na ukurasa unaofuata, kwa sababu humo wamo vijana wa Ufini, wenye karibu saa tatu tu kwa wiki, na bado hisabati yao ilikuwa juu ya wastani wa nchi za OECD. Wala usiguse pale OECD inaposema kwamba ukishapita saa nne hivi kwa wiki, saa za ziada hazibadilishi matokeo kwa kiasi cha maana.

Akikutajia uchambuzi ambao Cooper na wenzake walichapisha mwaka 2006, kwamba uhusiano wa kazi za nyumbani na ufaulu unaonekana zaidi sekondari na ni dhaifu kwa watoto wadogo, mshukuru kwa mchango mzuri na uulizie ada ya muhula wa pili.

Akikuambia kwamba China yenyewe, Julai 2021, ilikataza kazi za kuandika nyumbani kwa darasa la kwanza na la pili, na kuweka kikomo cha dakika 60 kuanzia la tatu hadi la sita, tangaza kwamba chakula kiko tayari.

Na nyaraka za wakubwa zisikunyime usingizi. Ufaransa ilipiga marufuku kazi za kuandika nyumbani kwa shule za msingi tangu mwaka 1956, na hadi leo watoto wa Kifaransa wanarudi nazo. California ilizikataza kwa sheria mwaka 1901 kwa watoto wa chini ya miaka 15, kisha sheria ikafutwa. Kenya imekataza masomo ya likizo kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Muulize mzazi yeyote wa Nairobi kama jambo lenyewe limepata habari. Serikali hupambana na mwalimu mmoja mmoja, lakini fahari ya wazazi haijawahi kushindwa mahakamani.

Hatua ya 9: Gawa lawama kabla ya matokeo

Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena orodha ya shule kumi bora, na wengi waliona limewanyima mapambo ya geti. Wewe umeshapata kipimo mbadala: uzito wa begi. Matokeo yakiwa mazuri, sema ni kazi za nyumbani. Yakiwa mabaya, sema kazi za nyumbani hazikutosha, na muhula ujao uongeze. Ni dawa isiyoweza kushindwa, kwa kuwa mgonjwa akizidiwa anaongezewa dozi.

Weka na kisingizio cha akiba: "Mtoto huyu ana akili, tatizo hajitumi." Humpendeza mzazi, kwa kuwa akili ametoa yeye. Hukulinda wewe, kwa kuwa kutojituma ni kwa mtoto. Na mtoto hayupo kwenye kikao.

Tahadhari: mambo ya kukaa nayo mbali

Nisikuache bila kukuonya. Wapo walimu walioharibikiwa, na wote walianza hivi hivi kidogo kidogo.

Usitoe maswali manne, mawili ya leo na mawili ya wiki mbili zilizopita. Watakumbuka.

Usiwaache waanze darasani dakika kumi za mwisho huku ukipita katikati ya madawati. Utaiona ile 26 ikiandikwa, na utashindwa kuipita.

Usikae na wenzako watano Ijumaa kugawana siku, wewe Jumatatu, wa Kiswahili Jumanne. Saa tatu za mtoto zitarudi kuwa nusu saa, na wazazi watasema shule imelegea.

Usimwambie mtoto, "Kazi ya leo ni kumsomea mtu hadithi hii kwa sauti, hata kama ni mdogo wako." Hakuna wino mwekundu hapo, na kuna hatari ya kweli kwamba ataipenda.

Na ukijikuta umeyafanya haya yote, usije kwangu. Watoto wako watakuwa wamelala vya kutosha, wana maswali manne tu ya kuwaza, na wameyawaza. Asubuhi watainua mikono kabla hujamaliza kufuta ubao: "Mwalimu, kwa nini tunaazima? Mwalimu, hiyo kumi imeenda wapi?" Huwezi kuwajibu hao kwa vema ndefu. Itabidi ufundishe.